Picha 412, zilizofaa 9: nilichojifunza kupiga picha watoto wakiwa mchezoni

Leo naongea na nyie mnaouza vitu vya watoto mtandaoni: jezi, bukta, njumu, raba, soksi ndefu, mabegi. Kuna siku utataka kumwonyesha mteja nguo ikiwa mwilini mwa mtoto anayekimbia, maana jezi iliyotundikwa kwenye henga kila mtu anayo. Hapo ndipo kazi inapoanza. Posti ni ndefu, mwenye haraka aihifadhi aisome usiku.

Mimi nauza jezi za watoto hapa Dar. Mwaka jana kocha wa kituo kimoja cha watoto alinipigia simu. Ana timu tatu: chini ya miaka 9, chini ya 11 na chini ya 13. Kila timu seti ya jezi 16, jumla 48. Akaniambia, "Dada, hapa wanaolipa ni wazazi. Lete seti moja watoto waivae kwenye bonanza la Jumamosi, wapige picha, tuziweke kwenye grupu la wazazi. Wakizipenda, zote tatu nachukua kwako."

Nikaona huu ndio mlango. Seti ya kwanza nikaichukua Kariakoo kwa hela ya kikoba, marejesho wiki tatu mbele. Mpiga picha wa kulipwa sikuwa na uwezo naye, nikasema simu ninayo, kamera nzuri, nitapiga mwenyewe. Kwani shida iko wapi?

Jumamosi ile nilipiga picha 412. Usiku nimekaa kitandani nazipitia, nikaanza kutoka jasho. Mtoto hana kichwa. Mtoto ana kichwa, hana miguu. Mpira upo katikati vizuri kabisa, mtoto hayupo. Mgongo. Mgongo tena. Mguu wa refa. Mlingoti wa goli umeota utosini kwa kipa. Zilizofaa nilihesabu 9. Nikazipeleka 20 kwenye grupu hivyo hivyo, kwa aibu, na moja nikaiweka kwenye ukurasa wangu wa biashara. Mzazi mmoja akaandika, "Mbona wa kwangu kakatwa kichwa?" Wengine kimya. Na ile ya kwenye ukurasa ilinizalia balaa jingine, nitalieleza mbele.

Kocha hakukasirika. Akasema Jumamosi ijayo kuna mechi nyingine, jaribu tena. Kwa hiyo nilikuwa na siku saba za kujua nilikosea wapi.

Kosa la kwanza lilikuwa zumu. Nilisimama mbali, kwenye kivuli cha mwembe, nikavuta picha kwa vidole viwili. Sasa fikiria: mtoto anayekimbia mita 50 kwa sekunde 10 anakwenda mita 5 kila sekunde. Kuanzia jicho lako lione "hii hapa!" mpaka kidole kibonyeze na simu iitikie, ikipita nusu sekunde, mtoto kashasogea mita mbili na nusu. Kama umevuta mpaka dirisha lako linaonyesha mita tatu tu za uwanja, unachopiga ni hewa aliyoiacha. Na ubaya ni kwamba simu nyingi za kawaida zenye lenzi moja ya maana hazikusogezi karibu ukivuta. Zinakata kipande cha katikati na kukikuza. Kukata huko unaweza kufanya mwenyewe nyumbani, umetulia, na chai pembeni. Kama simu yako ina lenzi ya pili ya kuvuta, ya mara 2 au mara 3, hiyo itumie, ila simama hapo hapo kwenye 2 au 3, usizidishe.

Kwa hiyo sasa napiga pana. Naacha nafasi juu ya kichwa, chini ya miguu, na nafasi kubwa zaidi upande anaokimbilia. Kwenye skrini mtoto anaonekana mdogo, unaweza kudhani umekosea. Hujakosea. Picha ya megapikseli 12 ina takriban pikseli 4000 kwa 3000. Picha ya wima ya Instagram inahitaji 1080 kwa 1350 tu. Yaani unaweza kubakiza kipande cha karibu sehemu moja ya nane ya picha yako na bado kikatosha kwenye simu ya mteja. Kukipunguza zaidi ya hapo ndo unaanza kuona mabaka.

Ila usiende kwenye ile lenzi pana kabisa, ya 0.5. Ile inavuta vitu vya pembeni. Mtoto akiwa ukingoni mwa picha anapanuka, na jezi ya saizi 28 inaonekana kama ya baba yake.

Kosa la pili: nilikuwa naufuata mpira kwa macho. Mpira unatangulia, mtoto anafuata, na mimi nimeelekeza simu kwenye mpira. Siku hizi nachagua mtoto mmoja, namfuata yeye dakika mbili tatu, mpira uje usije. Halafu nahamia kwa mwingine. Nusu saa inatosha kupata watoto wanane wazuri. Kwa biashara yangu hiyo ni zaidi ya kutosha, mimi sitangazi mechi, natangaza jezi.

La tatu, nilisimama. Mtu mzima akisimama na kumpiga mtoto wa miaka minane, anapata utosi na vumbi. Piga goti. Simu iwe usawa wa kifua cha mtoto. Nabeba kipande cha boksi cha kupigia goti maana viwanja vyetu mnavijua. Ukipiga goti, jezi yote inaonekana mbele, nembo, namba, shingo, na uso wa mtoto unakuwa na uhai. Ila sasa nyuma yake hapaonekani tena ardhi, panaonekana kila kitu kilichopo ng'ambo: bodaboda zimepaki, mtu anakojoa ukutani, bango la mganga. Kabla mechi haijaanza zunguka uwanja, tafuta upande ambao ng'ambo yake kuna miti au ukuta mtupu. Dakika tano hizo zitakuokolea usiku mzima.

Jua nalo. Bonanza letu lilikuwa saa sita mchana. Jua la utosini linatia giza machoni, na jezi nyeupe inaungua mpaka mshono hauonekani. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni, ndio muda. Jua liwe nyuma ya mgongo wako au kidogo ubavuni. Na mtoto mwenye ngozi nyeusi aliyevaa jezi nyeupe, simu hupenda kuibembeleza jezi, uso ukawa giza, au kuubembeleza uso, jezi ikaungua. Gusa skrini pale usoni, kisha shusha ule mwanga kidogo kwa kidole mpaka mistari ya jezi irudi.

Jioni sana pia ina mtego. Niliwahi kupiga jezi ya kijani saa kumi na mbili kasoro, jua la dhahabu, picha tamu ajabu. Mteja wa Morogoro akaagiza, ikafika, akasema hii siyo niliyoiona, ile ilikuwa na unjano. Alikuwa sahihi. Nauli ya kurudisha mzigo nililipa mimi. Tangu siku hiyo kila posti ya mchezoni naiambatanisha na picha moja ya jezi ikiwa imelazwa kivulini, mchana, juu ya kitambaa cheupe. Mchezoni ni kwa ajili ya hamu, ya kivulini ni kwa ajili ya rangi.

Picha zenye ukungu wa mwendo ni suala la kasi ya kamera kufumba jicho. Mtoto wetu wa mita 5 kwa sekunde, kamera ikifumba kwa 1/60 ya sekunde, anasogea sentimita 8 wakati picha inachukuliwa. Namba mgongoni inageuka uji. Kwa 1/1000 anasogea nusu sentimita tu. Kama simu yako ina modi ya kitaalamu (wengine inaandikwa Pro), weka kati ya 1/500 na 1/1000 kukiwa na jua. Kama haina, usihangaike, simu yenyewe ikiona mwanga mwingi huongeza kasi. Ndio maana kivulini na jioni picha zinakuwa na ukungu na juani haziwi.

Halafu piga mfululizo. Kwenye iPhone za karibuni unavuta kitufe cha kupigia kwenda kushoto, kwenye Samsung nyingi unakivuta kuelekea ukingo wa simu, nyingine unashikilia bila kuachia. Jaribu nyumbani kwanza kwa mtoto wako akiruka kamba, usije kujifunzia uwanjani. Na kabla ya kutoka nyumbani futa vitu, simu iliyojaa hugoma katikati ya mechi. Futa na kioo cha lenzi pia. Mimi ile Jumamosi ya kwanza lenzi yangu ilikuwa na mafuta ya maandazi, sitanii.

Wengine wataniuliza, kwa nini nisirekodi video halafu nitoe picha humo? Unaweza. Video ya 4K, kila kipande chake kina kama megapikseli 8, inatosha. Video ya kawaida ya 1080 ina 2 tu, ukikata kidogo imekwisha. Ila video mara nyingi hufumba jicho polepole, kwa hiyo mikono na miguu hutoka na ukungu. Natumia video pale ninapojua mtoto atatulia.

Na watoto wanatulia mara nyingi kuliko unavyodhani! Hili ndilo lililoniokoa. Mpira wa kurusha: mtoto anasimama, mikono juu, anatafuta wa kumrushia. Kona na faulo. Kipa anapojiandaa kupiga teke. Kwenye netiboli mfungaji anasimama kabisa, anaulenga mpete, mikono imenyooka, jezi na sketi vyote vinaonekana. Kwa mpiga picha wa simu hakuna mchezo rahisi kama netiboli. Kwenye mbio simama nyuma ya mstari wa kumalizia, pembeni kidogo, watoto wakujie wewe, maana anayekujia anabaki ndani ya fremu muda mrefu kuliko anayekatisha mbele yako. Anayeruka, kile kilele cha juu kabisa ndipo anapokaribia kusimama hewani, bonyeza hapo. Na goli likifungwa usiupige mpira, wapige watoto wanavyoshangilia.

Sasa tuje kwa zile 403 mbovu, maana bado nilikuwa nazo na marejesho ya kikoba yalikuwa yanakuja.

Nilianza kuzifuta. Nikafuta kama 100 hivi, nikafika kwa mtoto mmoja asiye na kichwa. Nilikuwa nimemkata kuanzia kidevuni. Nikaitazama tena. Jezi ilionekana yote: kola, mshono wa bega, namba 7 imekaa vizuri, kitambaa kimejikunja kidogo kiunoni kwa jinsi alivyogeuka. Bila uso, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye nguo. Kumbe siyo picha mbovu ya mtoto, ni picha nzuri ya jezi iliyokatwa nusunusu. Nikaikata zaidi, kuanzia juu ya shingo hadi katikati ya paja. Ikawa picha bora kuliko zile 9.

Hapo nikaelewa kitu kuhusu kukata. Kukata kidogo kunaonekana ni kosa, kukata sana kunaonekana umekusudia. Mtoto aliyekatwa nywele kidogo juu anasumbua jicho. Ukiweza, ama mrudishe kichwa chote, ama shuka mpaka shingoni kabisa. Miguu vilevile. Usikate kwenye kiungo: kwenye goti, kwenye kifundo cha mguu, kwenye kiwiko, kwenye kiganja. Picha iliyokatwa kwenye kifundo mtoto anaonekana kama hana nyayo. Kata katikati ya paja, au kiunoni, au katikati ya mkono wa juu.

Kama nyayo zimekatwa na uso umetoka vizuri, panda juu, bakiza kiunoni kwenda juu. Kama uso umegeukia kando na miguu imetoka vizuri, shuka chini: soksi, njumu, mpira, vumbi limeruka. Mimi nilikuwa siuzi hata njumu wakati ule, ila picha moja ya njumu ikaniletea watu wanne kuuliza bei, nikaanza kuzileta. Migongo niliyoilaani usiku ule ndiyo niliyotumia kuonyesha uchapaji wa namba na majina, na hicho ndicho wazazi walichokuwa wanauliza.

Picha iliyoinama, mstari wa uwanja umepanda kama mlima, inyooshe kwa mlingoti wa goli. Jua tu kwamba ukiizungusha pembe zinaliwa, sababu nyingine ya kupiga pana. Mtoto akiwa katikati kabisa huku anakimbilia kulia, kata upande wa kushoto, mwachie nafasi mbele. Mlingoti ukiota kichwani, jaribu kukata wima nyembamba; ikishindikana, tupa.

Zipo za kutupa, tusidanganyane. Ukungu hauponi kwa kukata, unazidi. Mtoto aliyefumba macho, aliyejikunja kwa maumivu, bukta iliyoshuka, au aliyeanguka vibaya, futa hata kama jezi imetoka vizuri. Mzazi wake hatacheka.

Na kuna hizi programu za akili bandia zinazoongeza kipande kilichokatwa, inakuchorea kichwa au mguu. Kwa nyasi na anga sina neno. Kwa mwili wa mtoto wa mtu na kwa bidhaa, sitaki. Nilijaribu mara moja, ikamalizia mkono wa jezi kwa mistari mitatu, jezi yangu ina miwili. Mteja akiagiza ile ya mitatu utampa nini?

Hakikisha unabaki na picha asilia, ile isiyokatwa. Na ukimtumia mtu picha WhatsApp kwa ajili ya kuhariri au kuchapa, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inapunguzwa, akikata hapo anabaki na mabaka.

Sasa lile balaa. Ile picha niliyoweka kwenye ukurasa ilikuwa ya mtoto wa kike, kipa, anacheka, nzuri kuliko zote. Jumatatu asubuhi mama yake akanipigia. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Akasema, "Mwanangu yuko kwenye tangazo lako la bei. Nani amekuruhusu? Kuna watu sitaki wajue anasoma wapi na anacheza wapi." Kwenye posti nilikuwa nimeandika jina la uwanja na siku za mazoezi. Nikatoa posti dakika hiyo hiyo, nikaomba radhi, nikampigia na kocha kumweleza kabla hajasikia kwa mtu. Kocha alikuwa ameruhusu kupiga kwa ajili ya grupu la wazazi. Kuruhusu kupiga siyo kuruhusu kutangazia biashara, hilo nilijifanya silijui.

Kwa Tanzania mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, na tangu 2023 inafanya kazi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Lakini hata sheria zisingekuwepo, wateja wako ndio hao hao wazazi.

Ninachofanya sasa: siku mbili kabla, kocha anaweka ujumbe wangu kwenye grupu. Unasema hivi: "Habari wazazi. Mimi ni muuza jezi, Jumamosi nitapiga picha za watoto wakiwa na jezi mpya. Picha zenye sura zitabaki kwenye grupu hili. Za kwenye ukurasa wangu wa biashara zitakuwa bila sura, isipokuwa kwa mzazi atakayeniandikia kuwa anaruhusu. Asiyetaka mtoto wake apigwe kabisa aniambie, hakuna tatizo." Wasiotaka, kocha ananionyesha asubuhi. Sitaji jina la mtoto, shule wala uwanja, nembo ya shule ikionekana naikata, na kwenye kamera nimezima ile sehemu ya kurekodi mahali picha ilipopigwa. Mzazi akibadili mawazo baada ya mwezi, natoa, sibishani.

Jumamosi ya pili nilipiga picha 160 tu. Zilizofaa bila kukata zilikuwa kama 30, na baada ya kukata zikafika 70. Kwenye ukurasa niliweka sita, hakuna hata moja yenye sura: mgongo wenye namba, kifua chenye nembo, mikono imeshika mpira, miguu mitatu inagombea mpira mmoja. Kwenye grupu wazazi walipata za watoto wao, na vichwa vyao.

Kocha alichukua seti mbili. Ya tatu, ya wale wa chini ya miaka 9, wazazi waliomba kulipa kidogo kidogo na mpaka leo tunadaiana na watatu. Marejesho ya kikoba nililipa siku mbili kabla. Mama wa yule kipa alilipia jezi ya mwanawe bila kunisemesha, na miezi mitatu baadaye akanitumia ujumbe kuuliza kama nina glovu za saizi ya mtoto.

Kama una picha imekushinda kuikata, nitumie inboksi nikuambie ningeikata wapi. Ila funika sura ya mtoto kwanza.